Mlipuko katika wodi ya watoto njiti: bakteria hupita wapi?

Desemba 2011, mtoto mchanga alifariki katika Hospitali ya Altnagelvin mjini Derry, Ireland ya Kaskazini, baada ya kuambukizwa bakteria aitwaye Pseudomonas. Januari iliyofuata watoto wengine watatu walifariki katika hospitali ya uzazi ya Royal Jubilee jijini Belfast, nao pia kwa Pseudomonas. Hizi ni hospitali zenye vifaa, zenye maji ya bomba usiku na mchana na wauguzi waliofunzwa vizuri, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani kwamba kuna mtu aliyezembea. Sampuli zilipochukuliwa, bakteria alikutwa kwenye mabomba ya sinki, mahali palepale ambapo wauguzi walikuwa wakinawa mikono kabla ya kumgusa mtoto.

Mabomba hayo yalipelekwa maabara yakafunguliwa kipande kwa kipande. Kwenye mdomo wa bomba la kisasa hufungwa kijisehemu kidogo chenye vitundu vingi, kazi yake ikiwa kunyoosha mkondo wa maji ili yasirukeruke. Humo ndimo bakteria walimokuwa wamejenga utando unaonata, wa aina ambayo klorini inayotiwa kwenye maji hupata taabu kuupenya, na maji yalipofunguliwa, vipande vya utando viliweza kubanduka na kushuka nayo. Bomba linalochanganya maji ya moto na ya baridi karibu na mdomo wake huongeza tatizo, kwa kuwa maji ya uvuguvugu yanayotuama ndani ndiyo ambayo Pseudomonas huyapenda. Upimaji wa vinasaba ulionyesha pia kwamba bakteria wa Derry hakuwa yule wa Belfast. Haukuwa mlipuko mmoja uliosafiri kutoka mji hadi mji, bali miwili, kila mmoja ukiwa umezaliwa mahali pake. Vijisehemu hivyo viling'olewa, mabomba yakabadilishwa, na ikaagizwa kwamba watoto walio katika uangalizi maalumu waoshwe kwa maji yaliyotakaswa yasiwe na kimelea chochote, si kwa maji ya bomba.

Mlipuko wa namna hii unapotangazwa, ndugu wa wagonjwa, waandishi wa habari na hata wakubwa wa hospitali huuliza kwanza: nani ameuleta? Swali lenye manufaa zaidi ni bakteria anapita wapi. Jibu lake huumiza, kwa sababu karibu kila njia inayomfikisha bakteria kwa mtoto njiti ni kitu kilichowekwa pale ili kumwokoa: maji, dripu, mpira wa kulishia, maziwa, inkubeta, mkono wa nesi.

Mlipuko ni nini hasa

Si kila maambukizi ya mtoto mchanga ni mlipuko. Vitabu vya tiba huyagawa maambukizi ya damu ya watoto hawa katika makundi mawili: yale yanayojitokeza ndani ya saa 72 tangu kuzaliwa, ambayo kwa kawaida hutoka kwa mama wakati wa uchungu na kujifungua, na yale yanayojitokeza baadaye, ambayo mara nyingi hutoka wodini au nyumbani. Katika hospitali nyingi za Afrika na Asia ya Kusini mpaka huo umefifia, kwa kuwa watoto wa siku moja au mbili hukutwa na bakteria wale wale wa hospitali ambao vitabu hivyo huwaweka katika kundi la pili.

Wataalamu husema kuna mlipuko pale idadi ya wagonjwa inapozidi ile iliyozoeleka katika wodi hiyo, na wagonjwa hao wakawa wameunganishwa na wakati, mahali na aina moja ya bakteria. Hakuna idadi moja inayofaa kila mahali. Katika wodi ambayo Klebsiella sugu, yaani bakteria wa utumbo asiyesikia dawa, hajawahi kuonekana, watoto wawili wenye bakteria huyo katika wiki moja wanatosha kuitisha kikao usiku huohuo. Tena wanaoumwa ni sehemu ndogo tu ya walioguswa. Nyuma yao huwa kuna watoto wengine wanaobeba bakteria yuleyule utumboni au kwenye ngozi bila dalili yoyote, na hao ndio wanaoufanya mlipuko uonekane umekwisha, kisha ukarudi baada ya wiki tatu.

Yote hayo hutegemea maabara. Ili kumjua bakteria ni lazima damu ya mtoto ichukuliwe, takriban mililita moja, ambayo si kidogo kwa mtoto wa gramu 900, kisha ioteshwe kwa siku moja au mbili. Hospitali isiyootesha damu haitangazi mlipuko hata siku moja. Huandikwa tu kwamba mtoto alikuwa njiti, au kwamba alipata shida ya kupumua, na wiki ambayo watoto sita wamefariki hukumbukwa na wauguzi kama wiki mbaya. Ndiyo maana nina mashaka na ramani zinazoonyesha milipuko mingi katika nchi zenye maabara nzuri na michache katika nchi zisizo nazo.

Dalili zenyewe nazo ni hafifu. Mtoto mchanga mwenye bakteria kwenye damu huenda asipate homa kabisa. Mwili wake unaweza kupoa. Huacha kunyonya, hulegea, hupumua haraka au husahau kupumua kwa sekunde kadhaa, na hizo ni dalili ambazo mtoto njiti anaweza kuwa nazo kwa sababu nyingine kumi.

Udhaifu wake una sababu zinazoeleweka. Kinga nyingi ambazo mama humpa mtoto kupitia kondo la nyuma huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, hivyo aliyezaliwa katika wiki ya 28 ameondoka kabla ya kupewa fungu lake. Ngozi yake haijakomaa. Tabaka la juu ni jembamba mno na huchukua siku nyingi kuimarika baada ya kuzaliwa. Utumbo wake bado hauna wenyeji, kwa hiyo bakteria yeyote anayewahi kufika hupata nafasi. Juu ya hayo, kila kanula, yaani kijimrija cha mshipani, na kila mpira wa kulishia ni mlango uliofunguliwa kwa makusudi.

Dripu, maziwa na kitanda

Mwaka 2005, katika Hospitali ya Mahatma Gandhi Memorial huko Phoenix, Durban, Afrika Kusini, watoto zaidi ya 20 walifariki katika mlipuko wa Klebsiella. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye dawa na maji ya mshipani yaliyokuwa yakitumika kwa zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na mikono ya wahudumu. Kwa mtu aliyefanya kazi wodini hali hiyo inaeleweka mara moja. Chupa ya maji ya glukosi imetengenezwa kwa mtu mzima, nayo ina mililita 500 au lita nzima. Mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji sehemu ndogo sana ya hizo. Bajeti ni finyu na kumwaga chupa karibu nzima kunauma, kwa hiyo chupa hutobolewa, huwekwa juu ya toroli, na kila anayehitaji huja na sirinji yake kuchota. Wakati mwingine sindano huachwa imechomekwa kwenye mfuniko wa mpira ili kurahisisha kazi. Klebsiella na jamaa zake wana uwezo ambao bakteria wengi hawana: huongezeka vizuri ndani ya maji ya glukosi kwenye joto la kawaida la chumba, tena bila maji hayo kubadilika rangi. Chupa iliyochafuliwa asubuhi kwa kiasi kidogo mno huwa imejaa jioni, ilhali kwa macho ni safi kabisa.

Njia hiyohiyo inaweza kuanzia nje ya wodi. Agosti 2010, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, watoto 11 walipewa chakula cha mshipani kilichokuwa na bakteria, na watatu kati yao wakafariki. Macho yote yaligeukia duka la dawa la hospitali lililochanganya chakula hicho. Waendesha mashtaka walikuja kubaini kwamba chupa mojawapo ya malighafi ilikuwa na ufa, na kwamba bakteria walikuwa wamekaa humo muda mrefu kabla haijafika mikononi mwa wachanganyaji. Mwaka 2014 Uingereza nayo ilipata mkasa unaofanana, ambapo chakula cha mshipani kutoka kiwanda kimoja kilipeleka bakteria aina ya Bacillus cereus katika hospitali kadhaa kwa wakati mmoja. Mkasa wa namna hiyo huwachanganya wachunguzi, kwa kuwa kila hospitali huona mtoto mmoja au wawili tu, na mlipuko huonekana pale taarifa zote zinapowekwa juu ya meza moja.

Maziwa ya kopo nayo yana hatari yake, kwani unga wake haujatakaswa kabisa hata ukiwa umefungwa vizuri kiwandani. Bakteria aitwaye Cronobacter huweza kukaa katika unga huo, na mwaka 2001 alisababisha kifo cha mtoto mchanga katika wodi ya uangalizi maalumu huko Tennessee, Marekani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza unga huo uchanganywe kwa maji yasiyopungua nyuzijoto 70, jambo ambalo mama wengi wanaotumia maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa ya chai hawajawahi kuambiwa.

Kuhusu vitanda tuna ushahidi wa karibu. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, walichunguza uhusiano kati ya bakteria waliokutwa kwenye damu ya wagonjwa wa vyumba vya uangalizi na wale waliokuwa katika mazingira yao, na waliotajwa kuchangia usambaaji walikuwa vitanda vya watoto na mikono ya akina mama. Matokeo hayo yanastahili uzito. Katika wodi nyingi za kwetu mama ndiye anayemkamulia mtoto maziwa, anayembadilisha nepi na kumlisha kwa kikombe au kupitia mpira, lakini mafunzo na mabango yote ya unawaji mikono humlenga mfanyakazi. Kitanda chenyewe, pale wagonjwa wanapozidi nafasi, hulaza watoto wawili au watatu. Chini ya hali hiyo bakteria hahitaji mkono wa mtu ili asafiri.

Klebsiella na dawa zinazoisha

Katika utafiti uliofanyika kati ya 2018 na 2020 katika nchi 11, zikiwemo Kenya na Uganda, na uliofuatilia watoto takriban 3,200 waliodhaniwa kuwa na maambukizi ya damu, Klebsiella pneumoniae ndiye aliyeongoza kati ya bakteria waliooteshwa, na zaidi ya mtoto mmoja kati ya kila kumi walifariki. Bakteria huyu ni mkazi wa kawaida wa utumbo wa binadamu. Kinachomfanya awe tishio wodini ni kwamba anaishi vizuri kwenye sehemu zenye unyevu, anashikamana na mipira na kanula, na anapokea jeni za usugu kutoka kwa bakteria wengine kwa urahisi mkubwa.

Tiba ya kwanza inayopendekezwa kwa mtoto mchanga mwenye dalili ni ampisilini pamoja na jentamisini. Tatizo ni kwamba Klebsiella ni sugu kwa ampisilini tangu asili yake. Si usugu alioupata kwa sababu ya matumizi mabaya ya dawa. Kwa hiyo mtoto aliyeshikwa na Klebsiella na kupewa dawa hizo mbili, kwa hakika anatibiwa na moja. Bakteria akiwa na jeni inayoizima jentamisini pia, mtoto hana dawa hata moja mwilini, ingawa cheti chake kinaonyesha mbili. Madaktari huhamia kwenye seftriaksoni na ndugu zake, ambazo Klebsiella wengi wa hospitali huzivunja kwa kimeng'enya, kisha meropenemu, dawa ya gharama ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ngome ya mwisho. Mwishoni mwa 2019 watoto 10 walifariki katika Hospitali ya Tembisa, mkoani Gauteng, Afrika Kusini, kwa Klebsiella aliyekuwa tayari ameivuka ngome hiyo.

Uzito wa jambo hili ulionekana mapema Dar es Salaam. Utafiti uliofanywa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kwa watoto wa umri mbalimbali na si wachanga pekee, ulikuta kwamba waliokuwa na bakteria wa kundi liitwalo Gram-hasi, ambamo Klebsiella yumo, kwenye damu walifariki kwa asilimia 43.5, wakati waliolazwa kwa malaria walifariki kwa asilimia 20.2. Malaria ilikuwa na miradi, vyandarua na siku yake ya maadhimisho. Maambukizi ya damu hayakuwa na hata jina ambalo mzazi angeweza kulitaja.

Hesabu ya mikono

Mwaka 1962 kundi la watafiti wa Cleveland, Marekani, lilichapisha jaribio ambalo leo lisingepata kibali. Waliwafuatilia watoto wachanga waliohudumiwa na nesi aliyenawa mikono baada ya kumshika mtoto mwenye Staphylococcus, bakteria wa ngozi na pua, na wengine waliohudumiwa na nesi ambaye hakunawa. Wale wa kundi la pili walipata bakteria huyo kwa wingi zaidi na kwa haraka zaidi. Tangu hapo hakuna anayebisha kwamba mikono ndiyo barabara kuu, na jibu la kila mlipuko limekuwa kuwahimiza wahudumu wanawe. Hata hivyo, ni nadra kuona himizo hilo likiambatana na hesabu.

Utafiti katika hospitali za Nairobi umeonyesha kwamba nesi mmoja katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali ya umma huweza kuwa na watoto wapatao 15. Tuseme kila mtoto analishwa kila baada ya saa tatu. Katika zamu ya saa 12 hiyo ni milo minne kwa kila mtoto, yaani milo 60. Kila mlo unadai mikono itakaswe kabla na baada, yaani mara 120. Kwa kitakasa mikono chenye alkoholi, ambacho Shirika la Afya Duniani linataka kisuguliwe kwa sekunde 20 hadi 30, hiyo ni dakika 40 hadi saa nzima. Kwa maji na sabuni, ambayo hudai sekunde 40 hadi 60, ni dakika 80 hadi saa mbili, bila kuhesabu mwendo wa kwenda kwenye sinki na kurudi. Hapo hatujagusa dawa, kanula, nepi, vipimo vya joto wala mtoto anayesahau kupumua. Nesi anayeruka unawaji hajakosa elimu. Amelazimika kuchagua kati ya kanuni na mtoto aliyebadilika rangi kitanda cha tatu.

Hii ndiyo sababu alkoholi ya kusugua mikononi, inayoning'inizwa kwenye kila kitanda, imeleta mabadiliko ambayo mabango hayakuleta. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya kuichanganya ambayo mfamasia wa hospitali anaweza kuifuata mwenyewe: ethanoli asilimia 80, gliserini asilimia 1.45 ili ngozi isipasuke, na haidrojeni peroksaidi asilimia 0.125 ya kuua mbegu za vimelea ndani ya chombo. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku moja ya meropenemu.

Je, mhudumu mmoja anaweza kuwa chanzo? Anaweza, na mfano ulio wazi zaidi ni wa Hospitali ya Rosie, Cambridge, Uingereza, mwaka 2011. Wodi ya watoto ilikuwa na wagonjwa wa Staphylococcus sugu kwa dawa ya methisilini, wakaonekana kuisha, kisha zikapita siku 64 bila mgonjwa, na mtoto mwingine akapatikana. Wanasayansi waliusoma mpangilio mzima wa vinasaba vya bakteria hao na kuona kwamba wa mwisho alikuwa wa ukoo uleule. Wahudumu 154 wakapimwa, na mmoja alikutwa akimbeba bila kuumwa na bila kujua. Alitibiwa, bakteria akaondolewa. Vinasaba vilivyosomwa vilionyesha pia kwamba ukoo huo ulikuwa umetoka nje ya hospitali pamoja na akina mama na watoto waliokwisha kuruhusiwa. Naona katika kisa hiki namna sahihi ya kumtafuta mtu: alitafutwa kwa kipimo baada ya dalili za kitaalamu kuelekeza huko, na alipopatikana alichukuliwa kama mtu aliyevamiwa na bakteria, kama ilivyokuwa kwa watoto. Penye desturi ya kusimamisha watu kazi siku ya kwanza, wafanyakazi hujifunza kunyamaza, na mlipuko unaofuata hugunduliwa ukiwa umechelewa zaidi.

Kumjaza mtoto bakteria wema

Historia ya milipuko hii ina sura moja ambayo inashangaza hata leo. Katika miaka ya 1950 aina ya Staphylococcus iliyojulikana kwa namba 80/81, isiyosikia penisilini, iliibuka Australia na kuenea katika wodi za watoto za Kanada, Marekani na Uingereza. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwakusanya watoto wote, wazima kwa wagonjwa, katika ukumbi mmoja mbali na mama zao, na bakteria alikwenda nao nyumbani akiwasababishia ndugu majipu.

Henry Shinefield, Heinz Eichenwald na wenzao waligundua kwamba watoto waliokuwa wamewahiwa na aina nyingine ya Staphylococcus, iliyopewa jina 502A, hawakushikwa na 80/81. Bakteria wa pili alifika kama mgeni anayekuta kila kiti ukumbini kimekaliwa. Wakaanza kuwapaka watoto 502A puani na kwenye kitovu kwa makusudi, na katika wodi kadhaa za Marekani mlipuko ulikatika. Lakini 502A hakuwa mpole kabisa: mtoto mmoja alifariki kwa maambukizi ya damu yaliyosababishwa naye, na taarifa hiyo ilichapishwa mwaka 1972.

Njia nyingine ya zama hizo ilikuwa kuwaogesha watoto kwa heksaklorofeni, dawa iliyozuia Staphylococcus vizuri sana hadi ilipobainika kwamba hupenya ngozi na kuudhuru ubongo. Desemba 1971 mamlaka za Marekani zilitoa onyo, hospitali nyingi zikaacha kuitumia, na majuma yaliyofuata milipuko ya Staphylococcus ikarejea. Mwaka 1972 poda ya watoto nchini Ufaransa ilitiwa dawa hiyo kwa kosa, kwa kiwango cha asilimia 6, ikaua watoto 36. Anayependekeza leo kupaka watoto njiti dawa kali za kuua vimelea mwili mzima angepaswa kusoma kwanza yaliyotokea mwaka ule.

Wazo la 502A limerudi kwa sura mpya. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Odisha, India, ambapo watoto 4,556 waliozaliwa na uzito wa kutosha waligawanywa, nusu wakapewa bakteria wema aina ya Lactobacillus plantarum pamoja na sukari ya kuwalisha bakteria hao. Waliopata maambukizi ya damu au kufariki walikuwa asilimia 5.4, dhidi ya asilimia 9 ya wenzao. Lakini mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya madaktari kuhusu bidhaa za namna hii kwa watoto njiti, baada ya mtoto mmoja kufariki kwa bakteria yuleyule aliyepewa kama kinga. Watoto wa Odisha walikuwa na uzito. Njiti wa kilo moja ana ukuta wa utumbo unaovuja. Majibu ya kundi moja hayahamishiki kwa lingine bila jaribio lake.

Kufunga wodi, au kuleta mama ndani

Mlipuko ukithibitika, kazi ya siku ya kwanza haina fahari. Watoto wenye bakteria hukusanywa upande mmoja na nesi wao asiyehudumia upande wa pili. Chupa zote zilizofunguliwa hutupwa. Wasioumwa hupimwa ili wabebaji wajulikane. Orodha hutengenezwa ya nani alilala wapi, tarehe gani, na aligusana na kifaa gani. Orodha hiyo ndiyo chombo chenye nguvu kuliko vyote, na inahitaji daftari na kalamu tu.

Kufunga wodi ni uamuzi mgumu zaidi kuliko unavyosikika kwenye taarifa ya habari. Jiji lenye hospitali tano zenye vyumba vya uangalizi linaweza kugawana wagonjwa, japokuwa kila mtoto anayehamishwa huenda na bakteria wake. Mkoa wenye wodi moja ya njiti hauwezi. Huko kufunga maana yake ni kwamba wanaozaliwa kesho wakiwa na kilo moja hawana pa kulazwa, na vifo vyao havitahesabiwa katika mlipuko.

Jibu lililotoa matokeo makubwa zaidi katika miaka ya karibuni lilianzia katika msongamano wa namna hiyo. Mwaka 1978 jijini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey, aliyekuwa na inkubeta chache na watoto wakiambukizana ndani yake, aliwaweka njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mbinu hiyo ya kangaruu ilitumika kwa miaka mingi kwa watoto waliokwisha kupata nafuu tu. Kisha jaribio lililofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2021, liliianza mara tu baada ya kuzaliwa, hata kwa watoto ambao bado hawajatulia. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12, dhidi ya 15.7 kwa waliotunzwa kwa utaratibu wa zamani, na maambukizi ya damu yaliyoshukiwa nayo yalipungua. Mtoto aliye kifuani huguswa na watu wachache, hupata maziwa ya mama mapema, na bakteria wa kwanza kumfikia ni wale wa kawaida wa ngozi ya mama yake, kabla Klebsiella wa wodini hajawahi nafasi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa pendekezo rasmi.

Kikwazo kilichobaki ni cha majengo na ratiba. Wodi nyingi za njiti zilijengwa bila kitanda cha mama, na zipo ambazo bado humruhusu kuingia kwa saa za kunyonyesha tu. Akiruhusiwa kukaa, hospitali inadaiwa kumpa kitanda, chakula, choo kilicho karibu na, kwa kuzingatia yaliyoonekana Bugando, kitakasa mikono pembeni mwake pamoja na mtu wa kumwelekeza matumizi yake siku ya kwanza, kwa kuwa kuanzia hapo mikono inayomgusa mtoto mara nyingi zaidi itakuwa ya kwake.